Supu Isiyosajiliwa

Kwa niaba ya Ofisi ya Uratibu wa Vyama vya Wanafunzi, nina heshima ya kuutangazia umma kwamba mwaka huu kituo chetu kimevunja rekodi ya jimbo zima. Tuna wanafunzi mia moja na tisini, na vyama mia mbili na kumi na vinne. Hakuna mwanafunzi asiye na chama. Wengine ni wenyeviti wa vyama ambavyo hata wao hawajui vinahusu nini. Haya ndiyo tunayoyaita maendeleo.

Mimi ni Gerald Ostrander, Mkurugenzi Msaidizi Mwandamizi wa Uratibu. Chuo Kikuu cha Adair chenyewe kiko mwendo wa saa tatu kwa gari kuelekea kaskazini, katikati ya mahindi. Sisi tuko hapa Fort Adair, makao makuu ya jimbo, ng'ambo ya barabara kutoka bungeni. Tunapokea vijana wanaokuja kwa muhula mmoja kufanya mazoezi ya kazi katika ofisi za wabunge. Asubuhi wanabeba kahawa za waheshimiwa, mchana wanafungua barua za wananchi wanaolalamikia mashimo barabarani, jioni wanasoma nadharia ya utawala bora. Tunawaandaa kuwa viongozi. Kazi ya ofisi yangu ni kuhakikisha kwamba katikati ya hayo yote hawakutani ovyo.

Kukutana ovyo ni hatari. Ndiyo maana kuna Kanuni ya 7(c), niliyoiandika kwa mkono wangu: "Wanafunzi zaidi ya watatu wakikutana zaidi ya mara mbili kwa shughuli ileile, ni chama, watake wasitake, na chama kisichosajiliwa kitavunjwa." Chama cha Wapenda Jibini kimesajiliwa. Chama cha Wapinga Vyama kimesajiliwa pia, na nakiri kuwa ndicho chenye makaratasi safi kuliko vyote.

Basi mwezi wa Februari, baridi ikiwa imekaza mpaka kope zinashikana, niliripotiwa jambo zito. Katika jiko la bweni, ghorofa ya pili, kila Jumanne saa sita na nusu mchana, kulikuwa na supu.

Nilikwenda mwenyewe. Nikakuta wanafunzi kumi na saba wamebanana, mabuti ya theluji yametapakaa mlangoni, na sufuria ambayo mtoto wa miaka sita angeweza kuogea. Kuku, mchaichai, majani fulani ya kijani, pilipili pembeni, wali unafuka mvuke. Mpishi alikuwa Mai Yer Vang, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyepangiwa ofisi ya waandishi wa miswada. Pembeni yake alisimama Desmond Kowalke, mtoto wa wafuga ng'ombe, mabega kama kabati, akikata vitunguu na kulia kama mjane.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Supu ya kuku, Bwana Ostrander."

"Naiona. Nauliza kiutawala."

"Kiutawala nayo ni supu ya kuku. Karibu bakuli."

"Mwenyekiti ni nani?"

"Wa nini?"

"Wa supu."

Wote wakamtazama Desmond, ambaye alikuwa mrefu kuliko wenzake. Akainua kisu. "Mimi ni wa vitunguu tu, mzee. Siasa sizijui."

Mai Yer alinieleza kwa upole. Mazoezi ya bungeni hayana mshahara. Vijana wengi walikuwa wanashindia biskuti za mashine ya kutumbukiza sarafu. Wiki mbili nyuma binti mmoja alizimia ndani ya lifti ya bunge akiwa amebeba kahawa kumi na mbili, na mheshimiwa aliyekuwamo alimruka ili awahi kupiga kura ya kuitangaza Wiki ya Lishe Bora. Mai Yer ndipo alipompigia mama yake simu kuuliza ile supu inaanzaje.

"Nakuhurumia," nikamwambia, na nilikuwa namhurumia kweli. "Jaza Fomu Namba 11. Ambatanisha uthibitisho kwamba chama kimekuwepo mwaka mzima."

"Lakini bila usajili hakiruhusiwi kuwepo hata wiki."

"Sawasawa."

"Sasa hiyo si hadithi ya kuku na yai?"

"Binti, usiongeze kuku wengine."

Nilikula mabakuli mawili, kwa ajili ya ushahidi.

Jumanne iliyofuata nilirudi na kile kimashine cha kubofya cha kuhesabia watu. Jikoni walikuwa watatu tu. Wengine kumi na tisa walikuwa kwenye korido, kila mmoja na bakuli, wakitembea. "Tunapita tu, mzee," wakaniambia. Walipita kwa dakika arobaini. Kidole changu gumba kilivimba.

Jumanne ya tatu waliniambia shughuli si ileile tena. "Leo si chakula," alisema Mai Yer. "Leo ni msiba."

"Wa nani?"

"Wa kuku."

Desmond alipanda juu ya kiti, kofia mkononi, akatoa wasifu wa marehemu. Alisema marehemu alizaliwa kaskazini mwa jimbo, alikuwa mpole, hakuwahi kugombea cheo chochote, na alikuwa anaamka mapema kuliko wabunge wote. Watu walicheka huku wamejifunika skafu. Sauti ya Desmond ilikatika pale alipofika kwenye mapaja. Nilijikuta nimevua kofia. Kisha wafiwa wakala chakula cha msiba, nami nikala pamoja nao, kwa sababu Kanuni haisemi popote kwamba afisa asihani.

Lakini kazi ni kazi. Niliandika ripoti ya kurasa thelathini na moja na kuipeleka kwa Mkuu wa Kituo, Dakta Lorraine Pfister. Dakta Pfister ni mwanamke ambaye sahihi yake peke yake inachukua nusu ukurasa. Aliisoma ripoti, akakoleza mstari mmoja kwa wino mwekundu: *msiba wa kuku*.

"Wanatucheka, Gerald."

"Walikuwa wanamcheka kuku, Daktari."

"Mwite huyo mpishi mbele ya Kamati ya Hadhi ya Vyama. Atolewe kwenye programu."

Nilimpelekea Mai Yer barua mimi mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama. Akitolewa, muhula wote unapotea na Mei hahitimu. Baba yake, anayekata bata mzinga kiwandani usiku na mchana, alikuwa ameshaomba ruhusa ya siku ya mahafali. Hakuna mtu kwao aliyewahi kuvaa joho. Aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akauliza kitu ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza katika miaka kumi na minane ya utumishi.

"Bwana Ostrander, naweza kuazima Kanuni zote? Kitabu kizima?"

Nusura nimkumbatie.

Kikao kilifanyika Alhamisi ya mwisho ya Machi. Wajumbe wa kamati tuko watano, Dakta Pfister akiwa mwenyekiti. Mai Yer aliingia peke yake, amevaa koti la kuazima lenye mikono mirefu, kitabu changu kwapani, vipande vya karatasi vimechomoza kila upande. Sauti haikutetemeka.

"Dakta Pfister, naomba kuuliza kabla hamjanihukumu. Kamati hii hukutana mara ngapi?"

"Kila Alhamisi, kwa miaka sita bila kukosa," Dakta akajibu kwa fahari.

"Kwa shughuli ileile?"

"Ileile kabisa. Nidhamu."

"Asante. Bwana Ostrander, kwa mujibu wa Kanuni, mwanafunzi ni nani?"

Swali tamu. "Kanuni ya 1(a): mtu yeyote aliyeandikishwa katika somo lolote lenye alama."

Mai Yer akaweka karatasi mezani. Ilikuwa orodha ya darasa la Ufinyanzi wa Vyungu, Ngazi ya Kwanza. Majina yetu sote watano yalikuwa pale.

Hapa inabidi nifafanue. Maegesho ya watumishi yako upande wa pili wa ziwa, na upepo wa ziwa lile unaweza kumnyoa mtu ndevu. Maegesho ya wanafunzi yako mlangoni. Dakta Pfister, kwa hekima yake, aliamua kamati nzima ijiandikishe somo moja la bure ili tupate stika za wanafunzi. Darasani hakuna aliyewahi kukanyaga.

"Kwa hiyo," alisema Mai Yer, "hapa kuna wanafunzi zaidi ya watatu, wanaokutana zaidi ya mara mbili, kwa shughuli ileile. Naomba kuona cheti chenu cha usajili."

Nje theluji ilidondoka kutoka paani, pu!

"Upuuzi mtupu!" alisema Dakta Pfister. "Sisi ni *kamati*. Gerald, sema kitu."

Nilifungua Kanuni. Nilizipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, nikitafuta tundu la kumtoa bosi wangu. Halikuwepo. Nilikuwa nimeyaziba yote mwenyewe. Naomba nieleweke: nilisikia hofu, lakini juu ya hofu nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu siku ya harusi yangu. Kitabu kilikuwa kinafanya kazi!

"Daktari," nikasema, "binti yuko sahihi. Sisi ni chama. Na tumevunjwa."

"Basi tusajili! Sasa hivi!"

"Uthibitisho wa mwaka mzima..."

"Gerald!"

"Kuna usajili wa dharura, Kanuni ya 12(b). Unahitaji sahihi ya Mkuu wa Kituo peke yake."

Supu haikuwahi kuomba 12(b), kwa kuwa sahihi hiyo isingepatikana. Lakini kujisainia mwenyewe ni jambo jepesi. Dakta Pfister alininyang'anya fomu, akaichora ile nusu ukurasa yake mpaka kalamu ikatoboa karatasi. "Haya. Tumesajiliwa. Tuendelee."

"Hongereni," alisema Mai Yer. "Tusome na masharti yaliyo nyuma ya fomu."

Niliyasoma kwa sauti, maana ndiyo kazi yangu. Chama cha dharura kitakuwa wazi kwa kila mwanafunzi. Kitachagua viongozi wake papo hapo, kwa kura za waliopo.

Mai Yer akafungua mlango.

Walikuwa mia moja na arobaini na wawili. Waliingia na mabuti yao, na kofia zao za sufu, Wapenda Jibini na Wapinga Vyama bega kwa bega, mpaka madirisha yakafuka mvuke. Desmond alinyanyua meza kwa mkono mmoja kuwapisha. Mwenyekiti wa Wapinga Vyama alinong'ona kwamba anapinga chama hiki kwa moyo wake wote na amekuja kupiga kura.

Kura zilihesabiwa na mimi, kwa kimashine changu. Mai Yer Vang, mia moja arobaini na nne. Lorraine Pfister, nne. Kamati ya zamani tulikuwa watano, msomaji anaweza kupiga hesabu, nami sitajitetea.

Mwenyekiti mpya aliketi kwenye kile kiti kikubwa. Miguu haikufika chini. Alifuta kesi dhidi yake, akafuta Kanuni ya 7(c), jambo lililoniuma kama kung'olewa jino bovu, kisha akauliza kama kuna mengineyo.

"Kuna jambo moja," nikasema. "Kanuni ya 3(d). Mwanachama akifeli somo lolote, jina lake linapelekwa makao makuu ya chuo kwa uchunguzi, pamoja na stika yake ya maegesho."

Dakta Pfister akawa mweupe kama theluji ya nje. Muhula ulikuwa umebakiza wiki tano.

Siku hizi kila Ijumaa tuko karakana ya ufinyanzi, watano sote, aproni mpaka magotini. Mwalimu ni kijana mwenye kipini puani, hajui mtu wala cheo. Juzi gurudumu lilizunguka, chungu cha Daktari kikapanda vizuri, kikayumba, kikajikunja na kulala chali. Akataka kujua kimeanguka kwa idhini ya nani.

"Kimejiangukia tu, mama," akasema kijana, akimwongezea maji. "Toa hizo pete zako, anza upya."

Na Daktari, udongo umempanda mpaka nyusi, akaanza kuvua pete moja baada ya nyingine.