Ukuta Unaotazama Mlango

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Mama Ukumbi, yule anayesimamia ukumbi wa maonyesho, amesema ukuta mpana unaotazama mlango uko wazi. Ukuta wenyewe! Kila anayeingia anauona kabla hajajua pa kuweka mwavuli wake. Nikimpelekea kazi iliyokamilika Jumamosi kabla ya adhuhuri, ni wangu. Nikichelewa, anapewa Bwana Machweo.

Bwana Machweo anafundisha jiografia shuleni kwetu na huchora machweo. Basi. Anayo ya kila ukubwa, kama seti ya sufuria. Leo katika chumba cha walimu alinijulisha, kwa ule upole wake unaokera, kwamba ameshaupima ukuta na machweo yake yanaenea bila shida. Nikamtakia mchana mrefu.

Kazi yangu inaitwa Mji Ukilala. Ni ya vitu mchanganyiko: shuka kuukuu juu ya ubao, karatasi, waya, vifungo, rangi, chochote kisichokimbia. Imefika nusu. Nusu ya juu ni usiku mtamu, wa bluu, ukiutazama sana unapiga miayo. Nusu ya chini ni shuka.

Kikwazo ni vipindi. Mchana nafundisha sanaa, na nikirudi nyumbani hata brashi naiona nzito. Mume wangu, fundi wa friji, ananishauri niwe nawaka na kuzima kwa zamu, kama mashine zake. Nikamwambia msanii hana swichi. Akasema hilo ameliona.

Lakini wakati wa kukunja nguo, wazo likashuka polepole kama unyoya. Nitafundisha na kuumba kwa wakati mmoja! Kwani mikono nilipewa miwili ya nini?

Jumanne, 4 Juni

Mpango umefanikiwa mpaka najiogopa. Nimewapa Kidato cha Pili mtihani wa vitendo. Kichwa cha kazi: Nyumbani Kwetu Asubuhi. Karatasi nzito, rangi za maji, vipindi viwili mfululizo, marufuku kuongea. Wao wanachora mbele, mimi nabandika nyuma, kwenye ubao wangu niliouhamishia darasani. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akasikia ukimya, akarudi hatua kuhakikisha hajakosea darasa.

Ni binti mmoja tu aliyeharibu utulivu. Tunamwita Wakili, kwa kuwa tangu aanze shule hajawahi kukubali jibu bila ushahidi. Alinyoosha mkono akauliza kama msimamizi wa mtihani anaruhusiwa kuwa na gundi kwenye nywele. Nikamwambia atazame karatasi yake. Akasema ameitazama, ila nywele zinamvuta macho.

Mwishoni nilikusanya michoro na kuiweka kwenye rafu ikauke. Rafu ya kushoto, mitihani. Rafu ya kulia, kalenda kuukuu za kuchana. Utaratibu! Sijui wanaosema mimi ni mvurugaji wananichanganya na nani.

Jumatano, 5 Juni

Siku bora ya maisha yangu. Baada ya chakula cha mchana shule nzima ilikwenda michezoni, nikabaki peke yangu. Jua lilikuwa limetandikwa sakafuni kama mkeka. Vumbi la chaki lilielea ndani yake bila haraka, nami nikaelea nalo. Nilichukua karatasi rafuni, nikachana, nikalowesha kwenye chai ya rangi, nikabandika. Nikachana, nikalowesha. Mikono ilijua yenyewe, sikuisumbua kwa maswali.

Na karatasi ya leo ina roho! Chini ya bluu kulichungulia pembe ya paa, nusu ya birika, dirisha lenye mtu ndani. Nikashangaa miaka yote hii nimetundika kalenda ukutani na kusoma tarehe tu. Kengele ililia nikadhani ni ndege. Nilipozinduka, nusu ya chini ilikuwa imekwisha. Mji mzima umelala pale, unapumua.

Bwana Machweo alichungulia mlangoni. Akasema kazi ina mambo mengi. Ndivyo watu wanavyosema kuhusu harusi yenye mashangazi wengi. Lakini masikio yalimwanguka, nimeona. Wivu naujua, ninao mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwisha.

Asubuhi mwalimu mkuu aliniita. Mkaguzi anakuja kesho, na anachotaka kuona ni michoro ya mtihani wa vitendo ya Kidato cha Pili. Asipoiona, chumba cha sanaa kinageuzwa stoo ya viti vibovu. Nikamwambia bila hata kupepesa macho kwamba inakauka.

Nikaenda rafuni. Rafu ya kulia. Tupu. Rafu ya kushoto. Kalenda, zote, nzima, zinanichekea kwa meno ya matangazo! Nani aliyezihamisha? Nikakumbuka kwamba ni mimi: jana asubuhi nilibadilisha rafu ili michoro ikaukie juani upande wa kulia, na mchana mkono ukaenda kulia kwa mazoea. Nikaugeukia Mji Ukilala. Pembeni, chini ya bluu, mkia wa jina la mtoto wa watu.

Nikakaa sakafuni. Nilijaribu kubandua pembe moja kwa maji ya uvuguvugu na kisu cha mezani. Kilichotoka ni uji. Na hata ingebanduka, je? Jumamosi ningempelekea Mama Ukumbi nusu ya usiku na shuka. Machweo ukuta mzima!

Nilimpigia mume wangu. Akasema niseme ukweli. Mtu mwema, lakini anashinda na vitu vya baridi.

Nimekata shauri hivi. Kesho mkaguzi ataonyeshwa Mji Ukilala kama kazi ya pamoja ya darasa. Ataridhika, ataondoka. Keshokutwa kazi inarudi kuwa yangu, inapanda ukutani kwa Mama Ukumbi. Watu wawili wa dunia mbili, watakutana wapi?

Ilibaki darasa lenyewe. Niliwasimamisha mbele ya Mji Ukilala nikawatangazia kwamba nimeamua kuunganisha michoro yao iwe mji mmoja. Wakasogea. Mmoja akapiga kelele kwamba ule ni mlango wao, mwenzake akamwambia mlango gani, hilo ni kabati letu. Wakasukumana kama watu waliopotelewa na mizigo stesheni. Wakili akauliza ruhusa iliombwa lini. Nikamjibu sanaa haiombi ruhusa. Akasema sheria inaomba.

Halafu akaliona dirisha lake. Akaliwekea kidole, akanyamaza. Wakili! Baada ya muda akasema, kwa sauti nisiyoijua, kwamba yule dirishani ni mama yake, na waya wangu umempita shingoni. Nikautoa waya. Pembe yote ile ikafunguka kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Nikanuna mpaka jioni, maana alikuwa sahihi.

Ijumaa, 7 Juni

Mkaguzi ni mtu mfupi mwenye viatu vinavyolia. Nilikuwa nimejiandalia maneno: ushirikiano, tabaka, mseto. Nikayamwaga yote. Akasikiliza, akaniambia asante mwalimu, akawageukia wanafunzi.

Hilo sikulipanga.

Wakaanza kumsimulia. Nani huamka wa kwanza. Mlango upi hufunguliwa kwa goti. Bibi wa mmoja hunywa chai akiwa ameyafumba macho nusu, ndiyo maana birika ni nusu: ndicho kiasi anachokiona. Mtoto asiyewahi kunijibu swali hata moja alizungumza kwa dakika nzima kuhusu rangi ya pazia. Mimi nilikuwa nimeegemea dirisha, nikahisi maneno yao yanaingia kwenye bluu yangu na kuwasha taa humo, moja moja. Kwa kitambo nikasahau ukuta. Nasisitiza: kwa kitambo.

Mkaguzi alivua miwani. Akasema miaka yote anayokagua sanaa huonyeshwa mitungi na mananasi. Kisha akauliza na mwalimu alifanya nini hasa. Nikafungua mdomo. Wakili akaniwahi: mwalimu alitusaidia kubandika.

Kubandika! Nikajikaza kisabuni, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Chumba kimepona. Ningeishia hapo ningelala. Lakini mwalimu mkuu, ambaye hajui pa kufunga maneno, akamwambia mkaguzi kwamba kesho kazi hii inakwenda ukumbi wa maonyesho. Mkaguzi akatabasamu. Akasema anaufahamu sana ukumbi ule, anayeusimamia ni mke wake.

Watu wawili wa dunia mbili. Wanakutana kila jioni, mezani!

Jumamosi, 8 Juni

Mume wangu alinibebea ubao kwenye pikapu lake, ukiwa umefungwa katikati ya friji mbili. Tulifika mapema. Mara ya kwanza maishani, na bure.

Mama Ukumbi alitupokea mlangoni macho yakiwa mekundu. Amesimuliwa yote. Akanishika mikono miwili akasema walimu kama mimi wamekwisha duniani. Ukutani kibao kilikuwa tayari, kwa herufi nzuri: MJI UKILALA, Kazi ya Wanafunzi wa Kidato cha Pili. Chini yake, kwa herufi za kusomwa na mchwa: Kimebandikwa na mwalimu wao. Hata ngeli ya mji wangu wamenikosea.

Nikaamua kusema. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Ndipo darasa likaingia, limepigwa pasi kuanzia kola hadi soksi, na wazazi nyuma. Mama yake Wakili akatembea moja kwa moja hadi kwenye dirisha lake. Akaweka sawa kitambaa chake cha kichwani, kama mtu aliye mbele ya kioo. Wakili akawa anamtazama yeye, si picha.

Pumzi ikatoka yenyewe. Na tena, ukisema ukweli unatakiwa kuusema wote, pamoja na habari za rafu.

Bwana Machweo amepewa ujia wa kwenda chooni. Alinipa mkono akasema anahitajika mtu mwenye moyo mkubwa kuwaachia watoto ukuta kama ule. Akaongeza kwamba yeye halalamiki, hakuna mgeni ambaye hatapita kwenye machweo yake walau mara moja.

Tulirudi nyumbani kwa pikapu. Mume wangu akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hata. Akaendesha kidogo, akasema kwa vyovyote nimebandika vizuri, haitabanduka ile. Alikuwa ananifariji, maskini. Nikaegemeza kichwa kwenye kioo nikatazama mawingu. Nayo yalikuwa yamebandikwa vizuri sana, bila jina la aliyebandika.

Jumatatu, 10 Juni

Mama Ukumbi amepiga simu. Watu wanasimama mbele ya ukuta mpaka wanasahau walichokuja kufanya. Kwa hiyo ameamua: kuanzia muhula ujao ukuta ule ni wa wanafunzi na watahiniwa pekee. Watu wazima, ujiani. Akaniuliza kama nimefurahi. Nikasema nimekosa maneno, na hapo sikudanganya.

Mapumziko nililala chali kwenye sakafu ya chumba cha sanaa. Dari lilikuwa jeupe, halafu si jeupe, halafu maziwa, halafu ukuta. Na ukutani, jina langu. Nikainuka ghafla nikajigonga kwenye meza.

Watahiniwa!

Kumbe kuna watahiniwa wa kujitegemea. Mtu yeyote, wa umri wowote, anaweza kujiandikisha kufanya mtihani wa vitendo wa Sanaa katika shule iliyo karibu naye. Shule iliyo karibu nami ni hii. Nimeshajiandikisha. Wakati wa mtihani nitakaa dawati la mbele, nimalize kazi yangu kwa utulivu, na darasa zima litakuwa kimya kwa amri ya msimamizi, ambaye pia ni mimi.

Nimemsimulia mume wangu. Alishusha bisibisi, akaniuliza kazi yangu itasahihishwa na nani. Nikamwambia na mwalimu wa sanaa, nani mwingine? Kisha ameiokota tena bisibisi na kurudi kwenye friji yake. Amekosa kabisa la kupinga!

Mama Ukumbi amesema watakaoleta kazi kwa ukuta ule watapigwa picha wakiwa na sare ya shule. Kesho napimwa sketi.