Jipaka Langu na Dege la Nahodha

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Leo nimeanzisha vita.

Mama Magodoro, mwajiri wangu, alikwenda benki. Nikabaki peke yangu dukani na magodoro, na magodoro hayaulizi maswali. Nikajilaza juu ya lile la springi, nikafungua simu, nikamwandikia Nahodha. Miezi mingi hatujasemeshana. Nikamwambia neno moja: pambano! Jitu lako dhidi ya jitu langu, Jumapili alasiri, mbele ya makundi yote mawili.

Kwa faida ya vizazi vijavyo vitakavyosoma shajara hii: mimi ndiye Mfalme Ngurumo wa Visiwa vya Radi. Ni mchezo wa kuigiza, mtandaoni, kwa maandishi. Kila mchezaji ana mhusika wake. Anaandika anachofanya, mwingine anajibu, hadithi inasonga. Ukishatuma hufuti. Kilichoandikwa kimeandikwa. Visiwa tuliviumba wawili, mimi na Nahodha. Kisha tukagombana kuhusu vyuma. Yeye ni fundi wa majokofu, anataka mitambo kila mahali. Mimi nataka wanyama. Akaondoka na nusu ya watu, akafungua kundi lake, Anga Jeusi. Tangu hapo kwangu kumepoa. Jana nilileta tetemeko la ardhi lililomeza mji mzima. Akajibu mtu mmoja, kwa kidole gumba.

Nahodha amejibu kabla Mama Magodoro hajarudi. Amekubali! Kwa sharti: atakayeshindwa afunge kundi lake, watu wake wahamie kwa mshindi. Nikaandika sawa. Visiwa ni kitu pekee nilichowahi kukijenga kikasimama.

Lakini nitashinda.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimetunga kanuni. Ya kwanza: kila upande ulete jitu moja, na liwe jitu hata kwa jina. Paka awe jipaka, mbwa awe jibwa. Ya pili, hii naionea fahari: jitu lisisemwe kwa "a", lisemwe kwa "li". Jipaka limeruka, siyo ameruka. Anayeruka ni mnyama wa kufugwa. Linaloruka ni balaa.

Nahodha amesema kanuni ya pili ni nzuri sana, haina tatizo kwake hata kidogo. Nimeshangaa. Kawaida yake ni kubisha. Refa atakuwa Mfamasia, mchezaji wa siku nyingi anayeheshimiwa na pande zote mbili kwa kuwa hacheki.

Saa ya chakula cha mchana Nahodha akatangaza jitu lake. Dege!

Dege! Na adui wa ndege ni nani? Nilicheka peke yangu mpaka mteja akarudisha mto alipoutoa, akaondoka kinyumenyume. Nikatangaza papo hapo: Jipaka. Sikungoja hata kumaliza kutafuna.

Jioni nikafanya utafiti. Naishi kwa kaka, na mke wake, shemeji yangu, ana paka. Nimefunga unyoya kwenye uzi nikaupitisha mbele ya paka huyo ili nione anavyoruka. Hakuruka. Alikuwa amelala juu ya boneti la teksi ya kaka, kama kila jioni, kwa sababu ya joto la injini. Kaka alikuwa kasimama pembeni na ufunguo mkononi akingoja aamke. Shemeji amepiga marufuku paka kubughudhiwa, na kaka humwogopa shemeji kuliko anavyowaogopa abiria. Mimi nikausogeza unyoya hadi puani. Nina mikwaruzo mpaka kiwikoni. Utafiti umekwenda vizuri.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ujasusi! Nimejipenyeza Anga Jeusi kwa jina la Ua la Asubuhi, binti mpole, mpenda mashairi. Hakuna aliyeshuku. Nikamuuliza Nahodha, kwa haya za kike, hilo Dege lake likoje.

Masikini, amemwaga kila kitu. Mabawa yake ni mapana ila hayapigi, huyanyoosha tu. Zembe! Likiruka hukunja miguu, huificha tumboni. Sauti yake hupasua masikio. Usiku hulala bandani. Kama kuku! Na tumbo lake hubeba watu mia tatu kwa mara moja. Ua la Asubuhi akaandika ebo, na watu hao wanakuwaje? Nahodha akajibu hutoka wazima, ila wengine hulalamika kuhusu mizigo yao.

Linatapika! Dege lenye tumbo bovu. Hili halifiki nusu saa.

Nikamsimulia shemeji, maana siri tamu haikai tumboni. Alikuwa akipiga pasi. Akaniuliza ni ndege huyu au ndege hii. Nikamweleza kwamba kwa kanuni ya pili swali hilo halipo kabisa, jitu ni "hili", basi. Akasema haya, shemeji, akarudi kwenye kola za kaka.

Watu wa nyumbani hawana jicho la kivita.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Uwanja. Nimependekeza uwanda mpana, tambarare, usio na mti hata mmoja, ili Dege likose pa kutua. Katikati, mlima wa mtama, ili tamaa ilishushe. Nyuma ya mlima, Jipaka. Nahodha akashukuru mno. Akasema uwanda kama huo ndio aliotaka kuomba, aliona aibu tu. Eti angependa uwe mrefu zaidi. Nikaurefusha. Siku hizi amekuwa mtu wa adabu.

Mchana, ajali. Nilitaka kuandika ule mruko wa Jipaka kwa uhakika, na mruko huwezi kuuandika kama hujauruka. Nikapanda juu ya rundo la magodoro. Nikajikunja. Nikanguruma. Nikaruka mpaka kwenye lile la springi, likanirusha mpaka kwenye foronya, foronya zikanishusha miguuni pa Mama Magodoro, aliyekuwa akiingia na bwana na bibi harusi watarajiwa.

Akauliza kama nimeruka au nimerukwa. Nikasema napima springi. Yule bwana akasema kama zinarusha mtu mzima umbali ule, basi atachukua. Wakachukua! Hata hivyo Mama Magodoro ameniamuru nipange stoo upya, ya chini yawe juu, ya juu yawe chini. Mgongo umekufa. Mruko nimeupata.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Habari za pambano zimeenea. Leo Visiwani wameingia watu niliodhani wameshafuta hata jina langu. Mmoja ameuliza kama kile kibanda chake cha ufukweni bado kipo. Nikamwambia kipo, nimekuwa nikikifagia. Kweli nimekuwa nikikifagia. Kila wiki naandika kwamba Mfalme amepita na ufagio, ingawa hakuna anayesoma.

Yule wa kibanda na wengine wameomba nafasi ndani ya tumbo la Dege ili waone pambano kwa karibu. Nahodha kawapa. Wajinga hao watatapikwa.

Kwa mara ya kwanza nimeogopa. Nikishindwa kesho, kile kibanda kitafagiwa na nani?

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nieleze kwa utaratibu.

Alasiri nilikaa mezani na simu, chaji kamili. Shemeji alikuwa upande wa pili na pasi na mlima wake wa nguo. Makundi yote mawili yalikuwa ndani. Mfamasia akapuliza filimbi.

Nikaanza: Jipaka limejibana nyuma ya mtama, mkia unafagia vumbi. Dege likaonekana mbali. Likashuka. Nahodha akaandika kwamba magurudumu yamegusa ardhi.

Magurudumu. Nikasoma tena. Nikaamua ni kosa la uandishi, alikusudia makucha. Nikaurusha ule mruko wangu wa Ijumaa, mruko mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na Jipaka likauma shingo ya Dege kwa nguvu zake zote.

Nahodha akajibu: meno yamevunjika kwenye bati. Rubani amefungua kidirisha. Anauliza nani ameacha paka uwanjani.

Ndege! Ndege ya chuma! Ndege hii!

Nikakata rufaa kwa Mfamasia. Nikasema huu ni ulaghai, dege ni ndege, na ndege ni huyu. Mfamasia akaniletea kanuni ya pili nzima nzima, na chini yake jina langu, Mfalme Ngurumo. Makundi yote mawili yakacheka. Vicheko vilijaza kioo mpaka sikuona tena Jipaka langu liko wapi.

Dege likageuka, injini zikavuma, likaanza kuja. Zamu ilikuwa yangu. Nikaiweka simu mezani, nikafunika uso. Nikamwambia shemeji basi, Visiwa vimekwisha. Nikamwambia habari ya sharti, na kibanda, na ufagio. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaegesha pasi, akauliza yupi wangu, yule paka? Nikasema ndiyo. Akauliza hiyo ndege imetoka mbali? Nikasema mbali sana. Akasema basi ina joto, akachukua simu yangu, akaandika.

Nikapiga kelele. Akawa ameshatuma.

Aliandika hivi: "Jipaka limechoka. Limepanda juu ya bawa, pale penye joto la injini. Limejizungusha, limejikunja, limelala."

Mfamasia akauliza kama Dege linaendelea. Nahodha hakujibu. Kisha abiria wakaanza, kutoka ndani ya lile tumbo, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akasema ndege haiondoki na paka juu ya bawa. Mwingine akasema hana haraka, huko aendako wanamdai. Yule wa kibanda, ambaye kabla ya jana hakuwa ameandika hata sentensi moja tangu mwaka jana, akashuka na blanketi lake akalifunika Jipaka mkia, maana halikutosha kwingine. Watu wangu wakaanza kulibembeleza. Watu wake wakawaomba wapunguze sauti.

Ndipo Nahodha akaandika: Rubani amezima injini. Anasema atangoja.

Mfamasia akatoa hukumu. Sare. Hakuna kundi linalofungwa. Na mwisho kabisa, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mchezo huu, akaweka kicheko.

Baadaye simu ikalia. Nahodha, kwa sauti yake! Akasema Ua la Asubuhi alimjua siku ileile, kwani ni nani mwingine duniani bado anaandika ebo? Alidhani nimeshaelewa na namchokoza tu, ndiyo maana alijibu yote kwa ukweli. Nikamwambia bila shaka nilikuwa nimeelewa. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema amenikumbuka. Nikasema na mimi nimekukumbuka, ndugu yangu. Nilisema hivyohivyo, kwa mdomo.

Kuna kitu kiliniingia jichoni. Macho yote mawili. Shemeji akanisogezea shati la kaka ambalo halijapigwa pasi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Asubuhi njema! Visiwani watu wamejaa. Wengine wako kwenye makundi yote mawili, na Nahodha amejenga banda la Dege kwenye kisiwa changu cha kaskazini. Jipaka bado limelala. Hakuna anayethubutu.

Mtu mwenye busara hujifunza kutokana na yaliyopita, nami nimekaa juu ya godoro nikajifunza. Hitimisho: kanuni ya pili ibaki. Ilikuwa nzuri, ilikosa tu bahati.

Na tayari kuna pambano jipya! Nahodha amenitangazia jitu lake. Jifaru. Akaniuliza, kwa upole wa ajabu, kama safari hii nimeelewa vizuri. Nikamwambia, rafiki yangu, kifaru namjua tangu darasa la kwanza.

Ua la Asubuhi keshajulikana, kwa hiyo nimemtuma Jani la Jioni, mjane mpenda maua. Taarifa ni tamu. Ngozi yake haipenywi na risasi. Sawa, inafahamika. Ana pembe moja tu, ndefu, na anaweza kuigeuza kila upande bila kugeuza mwili. Shingo laini, basi, hapo ndipo pa kumuuma. Majani hagusi, yeye ni kunywa tu. Mlevi! Nimeshapanga kila kitu. Nitachimba bwawa la tope katikati ya uwanda. Hakuna kifaru anayepita tope bila kujigaragaza, na akishajigaragaza nimemmaliza.

Mama Magodoro ameniambia nishuke. Nimeshuka.

Nilipofika nyumbani nikamweleza shemeji mpango mzima. Akaegesha pasi. Akaniuliza ni kifaru huyu au kifaru hiki.

Nikamjibu kwa heshima zote, maana jana alinifaa: shemeji, wewe baki na paka. Wanyama wa porini niachie mimi.