Kanuni Kumi na Nne na Keki Moja

Jumatatu, 2 Septemba

Siku mbaya. Nimeshindwa ishirini na nane kwa moja.

Birthe, anayesimamia mwaka wangu wa majaribio, atakaa nyuma ya darasa langu Ijumaa na kalamu yake. Akiandika ndiyo, mimi mwalimu wa hesabu. Akiandika hapana, mimi ni fundi mwashi wa miaka hamsini na mbili mwenye magoti yaliyokufa. Hakuna saiti hapa mjini Nørresundby itakayonitaka tena. Nilianza na ndoo moja na mwiko wa kuazima, nikaishia na mafundi kumi na mmoja. Sikusaidiwa na mtu. Sasa maisha yangu yamo mikononi mwa watoto wa miaka kumi na sita.

Birthe anasema kosa langu ni kwamba darasa halina makubaliano. Haya. Jana nikakaa nikaandika kanuni kumi na nne, nikazivisha plastiki, na leo nikazibandika ukutani, zimenyooka kwa pimamaji. Ya kwanza: mimi naitwa Mwalimu. Si Egon.

Wakacheka! Wakasema hata waziri mkuu wanamwita kwa jina lake. Vigga, kiongozi wao, msichana mwenye miwani mikubwa na adabu inayotisha, akanyoosha mkono. Akauliza kwa upole kanuni hizi zilipigiwa kura lini. Nikamwambia saiti hakuna kura. Saiti kuna kofia ngumu, usipoivaa unarudi kwenu. Akajibu, "Lakini Egon, hii si saiti."

Mikono ishirini na minane ikapanda kuzikataa. Hata wa kijana Storm, na Storm alikuwa amelala.

Jumanne, 3 Septemba

Sikulala vizuri, lakini nimepata dawa. Wanataka kura? Watapiga kura mpaka wachoke.

Kwanza hesabu. Kila kipindi wanachelewa wanne. Kila mmoja ananila dakika moja na nusu: mlango, begi, samahani Egon. Dakika sita kwa kipindi. Vipindi vinne kwa wiki, wiki arobaini. Saa kumi na sita kwa mwaka! Kwa saa kumi na sita nilikuwa nasimamisha ukuta wa gereji.

Leo hakuna kipindi, ila mkutano wa darasa; nikaleta mapendekezo kumi na matatu. Kumi na mawili ya kijinga, ya kuwachosha: rangi ya kalamu, viti viangalie wapi. Katikati nikaficha langu la kweli: mchelewaji asimame nje mpaka mapumziko.

Hawakuchoka. Watu hawa wamefundishwa mikutano tangu chekechea. Wana mwenyekiti, wana mwandishi, wana orodha ya wasemaji. Nilipoomba kusema niliambiwa mimi ni wa saba.

Pendekezo langu likageuzwa. Asger, kijana mpole anayeongea kama kasisi, akasema kumwacha mtu nje ni baridi. Mchelewaji alete keki. Aioke mwenyewe, ya dukani haihesabiki. Saa ya ukutani ndiyo hakimu. Simu zote ziwekwe kwenye mifuko ya mlangoni. Na makubaliano yamhusu, hapa akanitazama kwa upendo kabisa, kila anayeingia chumba hiki.

Nikakubali haraka. Moyoni nilikuwa nacheka. Miaka ishirini na saba sijawahi kuchelewa kazini hata dakika moja. Wachelewaji wanne mara vipindi vinne: keki kumi na sita kwa wiki. Watasalimu amri wenyewe!

Jumatano, 4 Septemba

Daraja.

Naandika neno hilo tu kwanza, nipumue.

Saa mbili kasoro dakika tano niko kwenye gari. Taa nyekundu. Daraja la kwenda shuleni, lile linalofunguliwa kupisha vyombo, likanyanyuka, na ikapita meli, taratibu, kama mama mkwe akikagua sebule. Imebeba nini? Saruji! Maisha yangu yote nimewatajirisha watu wa saruji, na hivi ndivyo wanavyonilipa.

Nimeingia darasani saa mbili na dakika kumi na tisa. Kipindi huanza saa mbili na robo. Wote ishirini na wanane walikuwa wamekaa, vitabu wazi, kimya. Mara ya kwanza tangu Agosti! Hakuna aliyetaka kuoka. Storm, macho yamemtoka, akaonyesha saa kwa kidole. Kisha wakapiga makofi.

Nikajitetea kwamba meli ni nguvu iliyo nje ya uwezo wangu. Vigga akapekua karatasi yake. Akasema meli haikutajwa.

Nyumbani nikamweleza mke wangu Lisbet, nikitumaini atajitolea mwenyewe kuoka. Akaniambia, "Mzee, mimi nimeolewa na wewe, sikuolewa na darasa." Akatoka kwenda kwenye kwaya.

Kwani keki ni nini? Ni mchanganyo. Nikapima unga tatu kwa siagi moja, kama mchanga na saruji. Maji kidogo, usiwe mwepesi. Nikasawazisha juu kwa mwiko. Ilitoka imenyooka pande zote nne. Niliiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba kila siku. Haikuyumba.

Alhamisi, 5 Septemba

Waliila. Siwezi kusema hawakuila. Storm aliuliza kama tunayo keekee ya kuitobolea. Asger alimeza kipande chake chote, akanishukuru, na machozi yakamlengalenga. Nikanyunyiza sukari ya unga juu ya vilivyobaki, lakini ilikuwa kama kupaka chokaa ukuta uliokwisha pasuka.

Hata hivyo kipindi kilienda. Nilieleza asilimia kwa mteremko wa paa. Mita kumi mbele, mita nne juu: arobaini kwa mia, kigae kinakaa. Zidisha, kigae kinateleza kwa jirani. Walicheka, wakauliza. Vigga aliandika ukurasa mzima.

Lakini kesho ni Birthe. Na daraja linanisubiri, nalijua. Likinichelewesha mbele yake, wale watapiga makofi, na mimi kwisha.

Kwa hiyo, darasa lilipotoka, nikapanda kiti. Saa ya ukutani nikairudisha nyuma dakika sita. Basi! Hakimu ni saa, na hakimu sasa ni mtu wangu. Simu zimo mifukoni, nani atajua? Birthe havai saa, nimemchunguza mkono.

Dakika sita. Nitakunywa hata kahawa ya pili.

Ijumaa, 6 Septemba

Nilikunywa kahawa ya pili. Daraja likanyanyuka. Meli ileile! Safari hii nikaipungia mkono.

Nikaingia saa mbili na dakika ishirini, saa ya ukutani ikisema bado dakika moja kufika robo. Nikatembea kama mwenye jengo. Kisha nikaona mambo matatu.

La kwanza: Birthe ameshakaa. Hufika dakika kumi kabla, hesabu hiyo sikuiweka. La pili: Vigga yuko ubaoni, amechora paa, anawaeleza wenzake asilimia. La tatu: kwenye ukingo wa saa, nyeupe pee, alama za vidole vyangu. Sukari ya unga! Na kiti bado kiko chini yake.

Wote ishirini na wanane wakaniangalia. Wakaiangalia saa. Walipoingia simu zao zilikuwa bado mkononi. Walijua.

Birthe hakujua. Waliichukua simu yake mlangoni na kuitia mfukoni, maana makubaliano yanamhusu kila anayeingia. Storm akafungua mdomo. Vigga akamkanyaga. Storm akaufunga.

Nikafundisha. Sijui nilisema nini. Mwishoni korido ikajaa kelele, madarasa mengine yanatoka. Saa yetu ilikuwa bado na dakika sita. Hakuna aliyeinuka! Njaa imewashika, mapumziko yanapita, wao wanakokotoa vigae.

Birthe akafunga daftari. Akasema hajawahi kuona darasa linaloanza lenyewe kabla ya muda na kukataa kutoka wengine wakitoka. Akaniuliza siri ni nini. Nikasema makubaliano. Ameandika ndiyo. Niliiona kwa macho yangu.

Alipoondoka, nikabaki natazama viatu vyangu. Vigga akaniambia, "Egon, dakika tano za kwako, keki moja. Dakika sita za mapumziko yetu, keki ya pili." Nikasema ni haki. Nikamuuliza mbona hawakunisema. Akainua mabega. Akasema amefundishwa asilimia miaka mitatu na jana ndiyo mara ya kwanza zimemwingia. Kisha akaufikia mlango, akageuka. "Na ufute saa, bwana. Inanata."

Nilijifungia chooni kidogo. Vumbi la chaki machoni, nadhani. Ingawa hatutumii chaki.

Jumapili, 8 Septemba

Nimepumzika, nimefikiri kwa utulivu, na hesabu imenyooka. Nilipanga, nikarudisha saa, nikafaulu. Mpango wangu ulifanya kazi! Watoto walisaidia, sikatai.

Kilichobaki ni ile kanuni ya keki. Kuifuta nahitaji kura kumi na tano. Nina mkutano nao kesho, na keki mbili za adhabu za kupeleka. Kila moja vipande kumi na viwili, jumla ishirini na vinne. Kipande kimoja kwa kura, na vinabaki tisa vya kuwalegeza wanaositasita. Nani atanipinga mdomo umejaa?

Lisbet amepita jikoni, ametazama bakuli, ametikisa kichwa, ameondoka.

Ziko kwenye oveni. Unga tatu, siagi moja. Safari hii nimeongeza maji.