Dhamira Sita Ukutani

Jumatatu, 5 Septemba 1994
Balaa! Mwalimu Evelina kafungua tuisheni ya Fasihi hapa Area D, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Siku hizi kila kitu ruksa, sawa, lakini yeye kafundisha miaka kumi na minane. Mimi nina karatasi ya manila yenye dhamira sita: rushwa, matabaka, mapenzi ya dhati, nafasi ya mwanamke, uzembe, ukombozi. Ije hadithi yoyote, mwanafunzi anachagua hapo. Jumamosi wazazi wanaamua nani awaandae kidato cha nne. Baba mkubwa Amiri, mwenye ghala ninalofundishia, kanionya: nikikosa wanafunzi, nirudi Kibakwe kulima vitunguu. Naogopa, tena sana.

Jumatano, 7 Septemba
Khairat, mwanafunzi wangu mwerevu kupita kiasi, kauliza kilele cha hadithi kinatambulikaje. Nikamjibu hutafutwa ukurasa wa katikati. Akaniangalia kwa huruma. Sipendi kuhurumiwa! Jioni nikamchungulia Evelina dirishani. Hana manila hata moja. Anawasomea hadithi, kisha anauliza nani alitaka nini na nani alimzuia. Na huyo ndiye anaitwa mwalimu.

Ijumaa, 9 Septemba
Tangu tutoke msikitini nimewakaririsha hadi sauti imekauka. Nimewaagiza wakiulizwa wajibu kwa pamoja, upesi, bila kufikiri. Kufikiri kunachelewesha.

Jumamosi, 10 Septemba
Nimekwisha.

Mzee Mazengo, mwenyekiti wa wazazi, hakutaka kitabu cha kuwapimia vijana. Baada ya shikamoo zetu akasimulia kisa chake. Mwaka wa njaa, ndugu wawili, ng'ombe mmoja kabaki. Mkubwa anataka kumchinja watoto wale, mdogo anataka atunzwe azae. Wakafikia kushikiana visu. Wakiwa hapo, ng'ombe akaanguka, akafa mwenyewe.

Mama mmoja analia. Mzee akawauliza vijana wangu dhamira ni ipi. Wakamtajia zote sita, kwa sauti moja! Akauliza, kwa upole uliotisha, mwanamke yuko wapi katika kisa hicho, na ni nani aliyehongwa. Wote wakanigeukia. Nikasema ng'ombe alikuwa jike.

Hapo Khairat akanyoosha mkono. Akasema kilele ni pale pa visu, na dhamira ni kwamba njaa huanza kula undugu kabla haijala watu. Makofi! Nikasimama kuyapokea, maana ni mwanafunzi wangu. Akaongeza kwamba tangu Jumanne anasoma kwa Mwalimu Evelina. Nikakaa. Sijawahi kuona aibu namna ile.

Jumanne, 13 Septemba
Kibakwe. Viganja vimetoka malengelenge. Baba mkubwa, aliyenileta, hanisemeshi. Nimelitafakari kosa langu kwa kina, bila kujipendelea, na nimeliona: fasihi ina hadithi nyingi mno. Hapa hakuna mwalimu wa Fizikia. Nimekwisha kubandika tangazo la tuisheni kwenye mashine ya kusaga, naanza kesho. Naambiwa kanuni za Fizikia ni tatu tu.