Mshipa wa Bure wa Daktari Okai

Nii Okai Sowah hakuwahi kusomea udaktari, ila alikuwa na koti jeupe, na hapa Kumasi wapo waliopona kwa kuliona koti tu. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la mama muuza wali wa kunde, mbele ya lango la hospitali, akila polepole na masikio kayatega. Tapeli anayetega masikio mbele ya hospitali hafi njaa. Pale kila mtu ana shida, na kila mwenye shida ana mdomo.

Mdomo wa siku hiyo ulikuwa wa Akyaa, binti wa Maame Pokuaa, malkia wa wauza ndizi.

"Mguu wa mama unakufa," alimwambia muuza wali. "Mshipa wa damu umeziba, na mingine aliyo nayo kisukari kimeiharibu. Madaktari wanataka mshipa wa mtu mwingine. Dawa mpya ya kuuloweka wanayo. Mshipa wenyewe ndio hatuna, na tusipoupata wiki hii wanakata mguu."

"Na ukoo wenu wote ule?"

"Nilipotaja mguu, ukoo wote ukaumwa kichwa."

Okai alitazama kando ya barabara. Gari lililomleta Akyaa lilikuwa pikapu ya milango minne, mpya, inang'aa kama sahani ya harusi. Huruma ikamshika. Huruma ya Okai ilikuwa na kawaida ya kuanzia kwenye magurudumu.

"Pole sana, dada," alisema, akivaa koti. "Mimi ni Daktari Okai, natokea Accra. Mambo ya mishipa ndiyo kazi yangu."

Mchana huohuo alikuwa amekaa uani kwa Maame Pokuaa. Alipewa maji kwanza, kama desturi, kisha akaulizwa ujumbe wake. Maame alikuwa kitini, mguu wake wa kushoto umefunikwa kwa kitenge. Kulia kwake alikaa kaka yake, Opanin Tweneboah, mkuu wa ukoo; nyuma yao kijana mwenye shingo nene, mpwa wao Fofie, akimenya karanga.

"Mwili ni kama ua huu," Okai alianza. "Mgeni akiingia, walinzi wanamkamata. Mshipa wa mtu mwingine ni mgeni. Walinzi wa damu wataushambulia mpaka uzibe. Sasa, hii dawa imetiwa ndani ya chembe ndogo mno, maelfu yanakaa kwenye ncha ya unywele. Mshipa unalowekwa humo kabla haujashonwa. Chembe zinajificha kwenye ngozi ya ndani ya mshipa, zinatoa dawa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Mshipa unatulia, hauoneshi sura ya ugeni. Walinzi wanapita wanasalimia."

Kila neno lilikuwa la kweli. Alikuwa amelisoma kwenye bango la hospitali nusu saa iliyopita. Nchi ina balaa kubwa siku matapeli wakianza kusoma.

"Na mshipa ni wa nani?" aliuliza Opanin.

"Uko kwenye jokofu Accra, mzee. Wa mtu aliyefariki."

"Alikufaje?"

"Vizuri tu."

"Ukoo wake ulikubali? Amezikwa? Hakujinyonga huyo?"

"Mzee, mimi..."

"Hatumtii dada yetu maiti tusiyeujua msiba wake," alisema Opanin, na akaanza kutafuta fimbo yake ainuke.

Okai aliliona gari linamponyoka. Hapo akafanya lile ambalo wajanja wote hufanya kabla ya kuanguka: akaongeza chumvi.

"Basi niseme ukweli. Nilikuwa naona haya tu. Mshipa ni wangu. Nautoa mimi."

Fofie aliacha kutafuna.

"Unautoa?" Opanin aliuliza. "Mbele yetu sisi?"

"Mbele yenu."

"Kwa bei gani?"

"Bure, mzee. Mwili wa binadamu hauuzwi. Mnipe gari tu, nikachukue vifaa vyangu Accra."

Wazee walinong'onezana. Akyaa aliingia ndani, akatoka na chupa mbili za pombe kali, kitambaa kizuri cha kusuka, na nyuma yake mtu akivuta kondoo dume.

Sasa, kwetu Waashanti zawadi haijawa zawadi mpaka aliyepewa atoe shukrani mbele ya mashahidi, na mtoaji azipokee. Zikishapokelewa, imekwisha, hata mtoaji mwenyewe hawezi kuirudisha. Haya mtoto wa Kumasi anayajua kabla hajajua kufunga viatu. Okai alizaliwa kwa Waga, kabila la pwani kule Accra, akadhani anapewa takrima. Alivipokea vyote kwa mikono miwili, kondoo pia. Opanin aliwamiminia wahenga pombe ardhini, akamtaja Okai kwa jina, mashahidi wakanywa, na Okai akanywa kuliko wote.

"Sasa, funguo za gari," alisema, akijifuta mdomo.

"Gari la nini? Mshipa si uko mguuni mwako? Hospitali hiyo hapo, ng'ambo ya barabara."

Okai alicheka. Aligundua anacheka peke yake.

"Wazee, mimi nilikuwa namaanisha..."

"Ulimaanisha, na wahenga wameshakunywa."

Maame Pokuaa alifunua kitenge. Vidole vya mguu vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi.

"Mwanangu," alisema, "nimeuza ndizi maisha yangu yote. Anayekuja kununua hubonyeza ndizi. Wewe tangu uingie hujautazama mguu wangu, umetazama gari. Nilikuacha useme kwa sababu mguu wangu unakufa, na wewe una miwili." Sauti ilimtetemeka mwishoni, na aliona aibu kwa hilo.

"Sajini," Opanin alimwambia Fofie, "msindikize daktari. Aende hospitali kama mtoaji, au aende kituoni kwenu akaeleze habari za koti. Mwenyewe achague."

Hospitalini, Daktari Serwaa Boahen alimweka Okai faragha, mlango ukafungwa.

"Hakuna wa kukulazimisha. Ukikataa, nitawaambia mshipa wako haufai, na nitakupitisha mlango wa nyuma. Unautoa kwa hiari?"

Okai alivua koti jeupe, akalikunja polepole. Wenye roho laini husema alikuwa anaviwaza vile vidole. Mimi nasema mlango wa nyuma hauna kondoo. Vyovyote iwavyo, alisema ndiyo.

Mshipa ulitolewa, ukalowekwa, ukashonwa. Wiki zikapita, na vile vidole vikarudiwa na rangi. Maame alivishika asubuhi moja, akavikuta vya moto, akalia bila kujificha. Walinzi wake wa damu, wakali kama yeye, walikuwa wamempitisha tapeli na kumsalimia.

Opanin alimkuta Okai kliniki, amekuja kukaguliwa kidonda, akamkumbatia.

"Mwili wa dada umekukubali, na ukoo umekukubali. Damu yetu inapita katika mshipa wako. Jumamosi tunamzika mjomba, utabeba viti. Jumamosi ya pili ni shangazi. Ya tatu tutakwambia ni nani."

Okai alimgeukia Daktari Serwaa. "Daktari, hamna dawa ya kumfanya mtu akataliwe?"

"Hiyo bado hatuna," alisema daktari. "Inua mikono, fundi wao akupime nguo ya msiba."