Mgeni Kuvuliwa Chandarua

Kwa Muuguzi Mkuu,
Kituo cha Afya.

Dada Muuguzi, heshima yako itangulie, hasira zangu zifuate nyuma.

Mimi ni mjomba wa yule fundi cherehani anayekaa nyuma ya mashine ya kusaga. Ndimi yule mtu mzima uliyemkuta kitandani juzi saa nne asubuhi, ulipopanda juu ya kiti, ukafungua kamba za chandarua, kikaniangukia usoni, ukakibeba kwenda kumfungia mtoto. Sikuwa nimelala, nilikuwa natafakari. Hata hali hukunijulia. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba hii ina chandarua kimoja. Siku niliyofika, mke wa mpwa wangu alikitoa mwenyewe kwenye kitanda cha mtoto, akanifungia mimi, akasema, "Mjomba, usije ukaenda kusema kwamba kwetu umeliwa na mbu." Huo ndio ukarimu! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Najua kuna wachokozi wanaopenda ule mwingine, wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Humu ndani hamna jembe. Kuna cherehani tu, na mimi kushona sijui.

2. Mtoto mwenyewe, tunamwita Bosi kwa jinsi anavyotuamrisha, ana miaka mitatu na hajui thamani ya kitu. Ulipotoka tu alijitanda chandarua kichwani, akawa bibi harusi, akaolewa na paka. Mimi nimelala humo muda wote huu na sijaolewa na mtu.

3. Ulisema malaria humwonea mtoto mdogo kwa sababu mwili wake bado haujajua kupigana, na ukanikumbusha kwamba mwezi uliopita Bosi aliletwa kwako amelegea, macho yamegeuka, mama yake ana kiatu mguu mmoja. Sikatai. Nilikuwepo, nililia kwa sauti kwenye benchi lenu, na sioni haya kusema. Nyumba nzima ilijiuliza homa imetoka wapi, nami nikasema ni maembe mabichi. Lakini si alipona? Alirudi akaniamuru nimbebe mgongoni mpaka dukani. Sasa mtu aliyekwisha kupona anataka chandarua cha nini?

4. Nikakubembeleza, ukanijibu kwamba kipaumbele ni walio chini ya miaka mitano. Vizuri. Mimi nalishwa. Nafuliwa. Mchana lazima nilale kidogo, la sivyo nasumbua. Hela sijui zinatoka wapi. Chai ikikosa sukari nanuna, na juzi nimesusa chakula mpaka nikabembelezwa. Kwa sifa zote hizo, Dada, mimi bado sijafika mitano. Naomba uniandikie kadi ya kliniki. Kupimwa uzito niko tayari, ila ile mizani yenu ya kuning'iniza watoto ndiyo inanitia wasiwasi.

5. Kama hujui kumtunza mgeni, njoo kwangu ujifunze. Kile chandarua tulichogawiwa sisi bado kimo ndani ya mfuko wake, kipya kabisa, nimekifungia kabatini kwa ajili ya wageni. Mke wangu hajakigusa, watoto ndiyo kabisa. Ufunguo natembea nao mwenyewe. Wageni bado hawajafika, maana mimi ndiye ninayesafiri, lakini siku wakifika watajua wamefika kwa watu.

Kwa hiyo naomba chandarua kirudi kitandani kwangu kabla ya Ijumaa, pamoja na maneno mawili ya kuniomba radhi mbele ya Bosi, kwa sababu amekuwa akinicheka.

Nisalimie wenzako wote, na mlinzi wa getini, na yule dada wa dirishani anayetoa dawa bila kuinua macho.

Ni mimi mgeni wenu niliyedhulumiwa,
Mjomba wa Fundi Cherehani.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu amepiga simu. Kitindamimba wetu amechemka homa tangu jana. Wamempima, ni malaria. Amepewa dawa, na sasa hivi amekubali uji, namshukuru Mungu. Muuguzi wa huko, mkali kama wewe, ameuliza chandarua kiko wapi. Mke wangu amesema kiko kabatini na ufunguo uko safarini. Dada, ufunguo huu hapa mkononi mwangu. Nimemwambia avunje kabati, avunje kwa shoka, asinisubiri! Naondoka na basi la kwanza. Malalamiko yote matano nimeyafuta. Bosi nimemuaga akiwa ndani ya chandarua chake, nikamchomekea pindo chini ya godoro, naye akaniamuru nisirudi bila zawadi. Tafadhali pitia ukaze zile kamba. Akija mgeni mwingine asikiguse, hata kama mgeni huyo ni mimi.