Tausi Alivyojipanga Kwenye Matoleo

Leo Jumapili. Wiki ya saba tangu tumzike kaka yangu Aloyce, na siku ya kwanza tangu nipoteze heshima yangu mbele ya parokia nzima. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa video.

Kwa msiomjua, Aloyce alikuwa mtunza farasi kwenye shamba moja la wageni huku juu mlimani. Shamba lilipofungwa akapewa farasi jike ambaye hakuna aliyemtaka. Anaitwa Tausi. Tausi anaogopa miavuli, mifuko ya plastiki, bodaboda na mbuzi weupe. (Weusi hana shida nao.) Akishaamua jambo, ameamua. Lakini Aloyce alimpanda kama mtu aliyekaa kwenye kochi.

Baada ya matanga ukoo ulikaa kugawa nguo za marehemu. Koti lake la kijani, lile alilovaa kila siku, akapewa baba mdogo Melkiori. Mimi nikapewa tandiko, kwa sababu hakuna aliyelitaka. Kuhusu Tausi wakasema kuna mfanyabiashara wa Tarakea anamtaka akabebe mizigo. Kama yupo mtu wa familia anayeweza kumwongoza, atabaki. Kama hayupo, aende.

Nikasema nipo mimi. (Nina miaka arobaini na sita. Nashona sare za shule.)

Nikapewa muda mpaka leo.

Nimefanya mazoezi kila asubuhi katikati ya migomba. Nilifuata aliyonifundisha Aloyce akiwa mgonjwa. Usivute hatamu kwa hasira. Kaa mzito. Tazama unakokwenda, usitazame masikio yake. Ukiona anaanza kutetemeka, wewe toa pumzi polepole. "Atapumua na wewe," aliniambia. "Siri yote ni pumzi." Wiki ya kwanza nilisimama tu karibu naye. Wiki ya tatu nilipanda. Wiki hiyohiyo nilishuka, si kwa hiari yangu. Juzi nilizunguka shamba lote bila kukumbatia shingo yake.

Mpango wa leo ulikuwa nisali misa ya kwanza, nirudi kumchukua Tausi, nipite naye mbele ya kanisa wakati wazee wa ukoo wanatoka misa ya pili. Wanione. Basi.

Njiani bodaboda ikatupita inapiga honi. Tausi akaruka pembeni. Nikatoa pumzi. Akatoa pumzi. Tukaendelea. Jamani, nilijiona mtu!

Nilichosahau ni kwamba misa ya pili leo ilikuwa ya mavuno, na misa ya mavuno haiishi mapema. Nilipofika langoni watu walikuwa bado kwenye matoleo, tena nje, maana ndani hawakuenea. Mstari mrefu. Mikungu ya ndizi, kahawa, kuku, mbuzi (mweupe, nilimwona), na katikati ya mstari baba mdogo Melkiori na boga lake, ndani ya koti la kijani.

Tausi akainua kichwa. Akanusa.

Nikatoa pumzi. Nikatoa pumzi zote nilizokuwa nazo. Nikavuta hatamu. Akaingia langoni, akapita miavuli bila kuitazama, akampita mbuzi, akajipanga nyuma ya baba mdogo na kumwekea pua mgongoni.

"Honorata," baba mdogo akasema bila kugeuka, "ni nini hiki mgongoni kwangu?"

"Ni Tausi. Shikamoo."

"Marahaba. Mrudishe."

"Hataki."

"Basi shuka!"

"Nikishuka ndipo mtakapoona mambo."

Kwaya inaimba. Mstari ukasogea. Na sisi tukasogea. Katekista akashika kipaza sauti: "Na familia ya marehemu Aloyce imeamua kumtoa farasi wake!" Vigelegele.

Padri akasogea, akaninong'oneza: "Mama, kweli mnamtoa?" Kipaza sauti kilikuwa kimewaka.

Nikafungua mdomo kusema hapana. Nikamwona mama yetu kwenye benchi la mbele. Tangu mazishi hajalia wala hajacheka. Sasa alikuwa anafanya yote mawili.

"Ndiyo, Baba," nikasema. (Hilo nitaliungama.)

Hivyo ndivyo nilivyomtoa sadaka farasi niliyekuwa namtetea, huku nimemkalia.

Baada ya misa vitu vya matoleo vikapigwa mnada, kama kawaida. Yule mfanyabiashara wa Tarakea alikuwepo. Akawa wa kwanza kunyoosha mkono, akashika hatamu kumjaribu, akavuta. Baba mdogo alikuwa amesimama palepale, kwa hiyo Tausi naye alikuwa palepale. Bwana akavuta kwa nguvu zote. Tausi akarudi nyuma kidogo tu. Hatamu ikamponyoka yule bwana, akakaa kwenye kikapu cha maparachichi ya watu.

"Huyu si farasi," akasema akijifuta. "Hii ni nguzo." Akajitoa.

"Nani mwingine?" katekista akauliza. Hakuna mkono ulioinuka.

"Mkungu mmoja wa mshare," nikasema.

"Dada Honorata, farasi mzima kwa mkungu wa ndizi?"

"Mchukue wewe basi."

Katekista akamtazama Tausi. Tausi akamtazama katekista.

"Mkungu mmoja! Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu!"

Mzee wa ukoo akasema kitu kilichonunuliwa kanisani hakiuzwi tena. Kama nimefaulu kumwongoza au la, hakusema. Nami sikumuuliza.

Tukaondoka. Yaani, baba mdogo akaondoka kwenda kwake, Tausi akamfuata, na mimi nikiwa juu. Tulipofika njia panda akasimama, akavua koti.

"Chukua. Wiki saba kila nikipita kwenu ananipigia kelele kama nimeiba."

"Utasikia baridi, baba mdogo."

"Nitafika."

Nikalivaa. Tausi akageuka mwenyewe, akapanda mlima kama mtu aliyetumwa.

Nyumbani nikatia mkono mfukoni. Mfuko umetoboka. Chini ya tundu, ndani ya bitana, kulikuwa na vipande vitatu vya sukari guru, vigumu kama mawe.

Siri yote ni pumzi, alisema.

Msinicheke. Vipande viwili nimempa Tausi. Cha tatu nimekila mwenyewe mlangoni pa banda, nikiwa bado nimevaa koti.